Oga Sana, Mwanangu

Tanga,
6 Machi 1972

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila joto la huku linanitoa jasho mpaka linadondokea daftari. Natumaini na wewe u mzima na kifua kimetulia. Wasalimie wote hapo Kwai, na ng'ombe pia.

Nimefurahi mno kusikia umeanza kisomo cha watu wazima na sasa unasoma mwenyewe. Basi barua hii usimpe mtu akusomee. Nimechaguliwa kuingia timu ya kuogelea ya shule! Mwalimu Jenoveva anasema nina mabega mazuri. Tunafanya mazoezi kila jioni. Naomba baraka zako, maana bila hizo siendelei.

Mwanao,
Dina

Kwai,
19 Machi 1972

Mwanangu Dina,

Marahaba. Huku hatujambo, ni baridi tu na kifua changu kile kile. Barua nimeisoma mwenyewe, neno kwa neno. Nimecheka! Wewe uliyekuwa ukijificha nyuma ya zizi ukiniona na ndoo, leo umechaguliwa kuoga? Lakini ni vizuri shule kutazama usafi. Wenzangu wa kisomo nimewaambia wote. Oga sana, mwanangu, usiniaibishe. Nakutumia sabuni kwa mkono wa Hamisi wa lori la kabichi.

Mama yako,
Zipora

Tanga,
27 Machi 1972

Mama, shikamoo.

Sabuni nimeipata. Nimeinusa nikalia. Wenzangu wanasema nisikusahihishe, baraka ni baraka. Siwezi. Mama, kuogelea si kuoga. Ni kuingia kwenye maji ya kina na kwenda bila kukanyaga chini, mpaka upande wa pili. Tunashindana nani atatangulia kufika. Bwawa lilikuwa la klabu ya mabwana wa mkonge, siku hizi hata sisi tunaruhusiwa.

Najua umeshika kichwa. Najua unamwona kaka Yonathani. Hata mimi namwona, kila nikiingia majini. Siku ile mto ulipojaa, daraja la magogo likachukuliwa naye yuko juu yake, tulisimama wote ukingoni tukipiga kelele. Hakuna aliyejua kuogelea. Hata mmoja, mama.

Mashindano ni Jumamosi, tarehe 29 Aprili. Ukisema hapana, naacha.

Mwanao,
Dina

Tanga,
17 Aprili 1972

Mama, shikamoo. U mzima kweli? Hamisi amepita tena mikono mitupu. Tangu nikuandikie sijaingia majini. Nakaa pembeni nawashikia wenzangu nguo. Hata kama ni kunigombeza, niandikie.

Dina wako

Kwai,
23 Aprili 1972

Dina,

Marahaba. Siumwi. Nilikasirika. Niliona umenicheka, mimi mama mshamba nisiyejua neno, halafu ukanitajia mto. Barua yako nikaitia chini ya godoro, na kisomo nikaacha kwenda.

Jana nimeteremka mtoni. Unajua tangu tumzike kaka yako nachota maji kule mbali, kisimani. Nimesimama pale pale. Mto umejaa tena, mwekundu. Nimeutukana, Mungu anisamehe. Halafu nikawaza, siku ile angekuwepo mtu mmoja tu anayejua, leo ningekuwa nabeba wajukuu.

Naogopa sana, mwanangu. Usidhani naandika kwa sababu woga umekwisha. Leo nimerudi kisomoni nikamwomba mwalimu anionyeshe lile neno linavyoandikwa, lisije likanipotea tena.

Ogelea.

Mama yako,
Zipora

Tanga,
3 Mei 1972

Mama yangu,

Shikamoo. Huku hatujambo. Barua yako imenifikia jana. Hamisi anasema barabara ya Soni iliporomoka kwa mvua, lori likakwama siku nyingi.

Mashindano yamepita. Nilikaa pembeni na sare yangu ya shule, Salma akaingia kwenye nafasi yangu. Tumeshindwa. Iliniuma, lakini usijilaumu hata kidogo.

Jana hiyo hiyo nilimwonyesha Mwalimu Jenoveva barua yako, akanifungulia bwawa. Wenzangu walikuwa kwenye shamba la shule, hapakuwa na mtu wa kupiga makofi. Nilioga kwanza kwa sabuni yako, kama ulivyoniagiza, kisha nikaingia. Kwenye kina nilimkumbuka kaka, mikono ikalegea, nikataka kurudi. Mwalimu alisimama ukingoni.

Sikurudi. Nimefika ng'ambo, mama.

Mwanao,
Dina