Mama Alilisifia Tangi la Maji

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie maana nimebanwa pande zote mbili. Mume wangu ni dereva wa watalii kwenye hifadhi ndogo ya wanyama, ukiingia asubuhi unaimaliza kabla ya chakula cha mchana, lakini wanyama wamejaa mpaka nyati wanagombea njia na magari, na tangu anioe anaahidi kumpeleka mama yangu mzazi, basi juzi siku yake ya mapumziko akampeleka kweli, mama kakaa mbele na kitenge kipya, mimi nyuma na chupa ya chai. Sasa hawa madereva wana mazoea yao, wakimfikia mnyama wanazima injini na kunyoosha kidole tu, hakuna kusema asije akakimbia, na mume wangu akanyoosha kidole kwa twiga, mama akaitikia kwa kichwa huku ameelekea upande mwingine kabisa, kwenye tangi la maji, akanong'ona, "Mrefu kweli, jamani." Mume wangu macho yote kwa twiga, hakugundua. Aliposhuka kusalimiana na askari wa lango nikamwuliza mama, akanishika mkono: "Haya macho yananiishia, mwanangu, naona ukungu tu. Mkwe wangu amefurahi, usimharibie." Tangu hapo mume wangu anamsimulia kila jirani, na anataka kumrudisha mama akaone simba. Nikisema namvunja moyo, nikinyamaza mama anapofuka huku namtazama. Nifanyeje?

Mke wa Dereva

Pole, mwanangu. Kwenye tangi nilicheka, kisha nikajifuta machozi. Ila nikugombeze kidogo: mama yako mwenyewe, hukuwahi kumwona akipapasa kutafuta kikombe? Haya, najua alikuficha. Wazazi wakiogopa kuwa mzigo wanakuwa waigizaji hodari.

Siri hiyo usiitunze. Mwambie mume wako leo, mkiwa wawili, wala usianze na tangi. Anza na hili: mama alikaa garini asubuhi nzima haoni kitu, na hakusema kwa sababu alikuwa anaisikia furaha yako. Ataumia, kisha ataulizia funguo za gari. Mpelekeni kliniki ya macho wiki hii. Ikiwa ni mtoto wa jicho, wengi wakifanyiwa upasuaji huona tena. Simba watasubiri.

Na daktari akisema macho hayarudi, mrudisheni hifadhini vilevile. Safari hiyo mume wako aweke kidole mfukoni afungue mdomo, amsimulie mama yule twiga kuanzia kwato hadi masikio, taratibu, na twiga akikimbia, mwacheni akimbie.