Mama Nyuma ya Mtunza Stoo

Jumatatu, 3 Machi

Diski imekufa. Asubuhi ilianza kugonga ndani kwa ndani, kama mtu anayepiga ukucha mezani akisubiri jibu. Nikaizima, nikaiwasha tena. Kumbe ndivyo inavyozidi kuchubuka – jirani mwenye duka la kompyuta kanieleza baadaye.

Ndani mna kazi yangu yote ya uandishi wa habari, pamoja na kaseti za zamani za mahojiano nilizozihamisha mwenyewe. Hilo nalimeza. Ila mna Mama pia. Mwaka wake wa mwisho nilikuwa naweka simu mezani, yeye anachambua mboga, namuuliza habari za ujana wake. Nakala nyingine hakuna.

Nimempigia mdogo wangu. Alikuwa kazini ng'ambo Mama alipofariki, hakuwahi hata mazishi. Rekodi hizo nilimwahidi. Akasema: "Dada, lipa wanachotaka. Tutagawana."

Jumanne, 4 Machi

Fundi wa diski yuko ghorofani, juu ya duka la cherehani. Chumba baridi, sanduku la kioo, glavu. Kaipokea kwa mikono miwili. "Mgonjwa kaanguka au kazeeka?"

Bei yake ni kama mshahara wangu wa mwezi, nusu mbele. Sikubishana. Tulichobishana ni kingine: ana desturi ya kufungua mafaili kuhakikisha yamepona. Nikakataa. Humo mna watu walioongea nami kwa ahadi kwamba sauti zao nitazisikia mimi tu.

Akacheka. "Mama, mimi nimeokoa picha za harusi za watu walioachana zamani. Umewahi kunisikia nikisema?"

Namwamini. Lakini si yeye niliyempa ahadi. Tumeelewana hivi: yeye aokoe, mimi nije na hedifoni nisikilize mwenyewe. Kakubali shingo upande.

Ijumaa, 7 Machi

Kapiga simu. Kabadilisha kichwa cha kusomea, kakitoa kwenye diski nyingine ya aina ileile. Inasoma! Ila majina ya mafaili yamepotea, yamebaki namba tu. Ndiyo kusema lazima nifungue moja moja.

Jumatatu, 10 Machi

Siku nzima kwa fundi. Kanipa kona, kanigeuzia mgongo.

Sikutegemea chumba chetu cha zamani cha habari kingekuwa hai kiasi hiki. Mashine za chapa. Mvua juu ya bati, tunasubiri ipungue ndipo tuendelee kuhoji. Mhariri wetu, marehemu, anakohoa kabla ya kufoka – tulijifunza kutoroka katikati ya kikohozi na kufoka. Dada wa simu anamwita kwa sauti mwandishi wa kesi: "Wa mahakamani, anakutafuta mumeo au mdai wako, sijui!" Mkunga mmoja niliyemhoji anacheka mpaka anaomba maji. Na mimi mwenyewe, sauti nyembamba, nauliza maswali marefu kuliko majibu. Nilikuwa nakimbilia wapi?

Mama bado.

Jumatano, 12 Machi

Fundi kasimama kuniambia, hakukaa. Rekodi za simu zimetoka vipande vipande, hazifunguki. Kajaribu njia zote anazozijua. Zile za kaseti ndizo zilizopona.

Mama alikuwa kwenye hizo za simu. Rekodi zake zote.

Mdogo wangu kasema "sawa" mara nyingi mno.

Alhamisi, 13 Machi

Nilirudi kumaliza zilizobaki, maana nimeshazilipia.

Mchana nikafungua mahojiano na mtunza stoo wa kiwanda cha ngozi. Yeye ndiye aliyeniambia mapipa ya dawa za sumu za kiwanda yalikuwa yanamwagwa wapi; habari ile ndiyo iliyokuja kukifunga kiwanda. Tulikutana jikoni kwa Mama, maana nani angemtafuta huko? Nilimwahidi kabla sijabonyeza kinasa: mimi tu.

Anaeleza, sauti ya chini. Nyuma yake sufuria inagonga. Halafu: "Huyu mgeni mbona hali? Unamhoji au unamfunga?"

Mama. Si yule wa mwaka wa mwisho, wa kupumzika katikati ya sentensi. Mama mwenye pumzi zake.

Mtunza stoo anacheka, anajaribu kuendelea. Mama hamwachi. "Usimwogope huyu, baba. Kakojoa kitandani mpaka darasa la tatu. Mdogo wake ndiye aliyekuwa anamfichia shuka." Anacheka yeye mwenyewe, kile kicheko cha kupiga meza. Yule bwana anataja mapipa, Mama anamwongezea chai, anaimba kwa kuguna. Maneno yao yamepandana. Nikamuuliza fundi bila kumpa hedifoni; kasema, mgongo bado kanigeuzia, kwamba hayatenganishiki; ukimkata bwana unamkata na mama.

"Ndiye mama yako?" akauliza.

"Ndiye."

Nimempigia mdogo wangu. Nimemsimulia ile ya shuka. Kacheka, kisha kicheko kikamkatika.

"Tuma."

Nikamweleza ile ahadi.

"Kiwanda kilishafungwa, dada. Nani atamfuata mzee wa watu leo?"

Huenda hakuna. Lakini hilo si langu kuamua.

"Wewe bwana! Hata maiti ungemwomba kitambulisho." Akakata. Baada ya muda akapiga tena, sauti imeshuka. "Basi muulize. Muulize vizuri."

Ijumaa, 14 Machi

Namba ya zamani ya mtunza stoo haipatikani. Nimempata kupitia katibu wa zamani wa chama cha wafanyakazi. Anaishi kwa binti yake, ambaye kwanza alitaka kujua nauza nini.

Mzee kashika simu. Nikajitaja. Hakuuliza habari za gazeti wala kiwanda.

"Mama yako hajambo?"

Nikamwambia alishatutoka. Nilimsikia anavuta kiti.

Nikaeleza yote kwa mpangilio, kama ninavyoripoti: diski, fundi, kaseti, mdogo wangu. Kwamba sauti yake haijasikika na mtu. Kwamba akisema hapana, ni hapana, na sitauliza tena.

"Yupo kwenye hiyo kanda, mama yako?"

"Yupo. Nyuma yako."

"Watoto wangu hawajui kama ni mimi niliyesema," akaninong'oneza. "Huyu binti yangu, mumewe alifukuzwa kazi pale kiwanda kilipofungwa."

Nyuma yake nikasikia binti kaingia, anauliza ni nani huyo, baba, mbona unalia.

"Njoo nayo Jumapili," akasema. "Wakiwa wametoka. Nataka kumsikia mama yako kwanza."