À jeun si vijana

Mama Rosine wa redio, usicheke kwanza, unisaidie,

Mimi ni binti wa Kabambare, mwenye haya sana, hata mwalimu akiniuliza najibu nikitazama viatu, ila Kifaransa nakijua, na ndicho kilichoniponza. Korali yetu inajitayarisha kwa likizo: pikipiki mpaka Kasongo, tupumzike kule, kisha mashua ya mota, tushuke Lualaba mpaka Kibombo tukiimba, na kwa sababu mwaka jana mama mmoja alianguka kwa sukari katikati ya mto bila muganga karibu, safari hii lazima kila mtu apimwe kwanza sukari na malaria, bila karatasi ya muganga hakuna kupanda.

Sasa muganga mwenyewe, Magloire, ni mtu wa upande wa Lingala, Kiswahili chake bado anakitafuta, basi alipopiga simu kwa Mama Cécilia, mkubwa wa korali, Mama Cécilia akanipa mimi simu mbele ya watu wote, na rezo ya simu ilikuwa inakatika-katika, nikasikia "samedi matin, venez, jeunes", nikatafsiri kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa: "Muganga anasema Jumamosi asubuhi waende vijana tu."

Watu wakapiga makofi. Nyanya yangu hakupiga. Mdogo wake aliolewa Kibombo na hawajaonana tangu mama yangu hajazaliwa, naye alikuwa ameshapiga pasi kitenge cha kwenda nacho kupimwa na amekausha uyoga wa kumpelekea mdogo wake. Alikunja kitenge, akanipa kifurushi cha uyoga, akasema: "Utamupa mudogo wangu. Umuambie nilikuwa tayari, ni muganga alinikatala."

Jumamosi tukaenda sisi vijana, tena tumekula bugali na sombe, majani ya muhogo, ya jana mpaka mikanda inalia, kwa sababu mama zetu walisema mtu wa kutolewa damu lazima ashibe, na Magloire alipouliza nani amekula, nikatafsiri, wote tukainua mikono kwa fahari. Akanivuta pembeni. Akauliza kwa nini tumekula na yeye alisema à jeun, bila kula kitu, na wazee wako wapi, maana ni wao zaidi aliokuja kuwapima. Mama Rosine, hapo ndipo niliposikia vizuri: à jeun, si jeunes, vijana. Alisema atarudi Jumatano, mara ya mwisho. Nikawageukia wenzangu nikasema batri ya mashini ya kupimia imeisha moto.

Tangu siku ya simu nyanya hataji tena mto, anapika tu, na jioni tunasikiliza kipindi chako, yeye hakikosi, nami namtazama, nataka kusema, ulimi unalala. Korali wananiita Mademoiselle kwa ajili ya Kifaransa changu. Wakijua, wataniita nani? Nimefikiri niseme tu kwamba muganga amebadili mawazo, sasa amewahurumia na wazee. Itakuwa vibaya? Barua hii nimempa Pitchou wa pikipiki anayekuja Kasongo. Jina langu usilitaje.

Mwenye haya, Kabambare

*

Mwenye haya,

Uliniomba nisicheke. Nilijaribu. Nilipofika kwenye ile mikono iliyoinuliwa nikaacha kujaribu.

Pole, mutoto wangu. Kusikia vibaya kwenye simu inayokatika si kosa la kumnyima mtu usingizi. Nimelitamka neno hilo, à jeun, hapa studio, na fundi wetu Bruno akaniuliza ni vijana gani hao.

Lakini batri, hapana. Batri haikukatika kwa rezo, uliiua wewe. Na hilo wazo la muganga mwenye huruma, litupe leo. Nyanya yako hakukataliwa na mutu. Ukimwambia amehurumiwa, atakaa ndani ya mashua kama mgeni wa kuvumiliwa, na atamshukuru Magloire kwa nafasi iliyokuwa yake tangu mwanzo. Unamtakia hiyo?

Unaogopa jina. Watakuita Mademoiselle À-jeun, nakuhakikishia, kwenda na kurudi, na kama nawajua watu wa korali, watalitungia wimbo wa sauti nne. Utauvumilia. Kutaniwa hakumzuii mtu kupanda mashua. Kukosa karatasi kunamzuia.

Fanya hivi. Jibu hili nimempa Pitchou likufikie leo Jumatatu. Redioni nitalisoma kesho jioni. Jina lako nimelificha, lakini niambie, Kabambare ni nyumba ngapi zenye uyoga unaongoja kwenda Kibombo? Kwa hiyo una jioni moja tu. Usingoje niseme kwa niaba yako. Nadhani ndiyo sababu uliniandikia mimi, na kwa hilo nakukatalia. Mrudishie kwanza kifurushi chake mkononi. Halafu useme, ukitazama viatu vyako kama kawaida, sikuzuii: "Nyanya, hawakukukatala. Ni mimi nilisikia vibaya." Inatosha, usiongeze batri nyingine. Kutoka hapo nenda kwa Mama Cécilia umwambie vilevile, ili awaite wote tena, wazee na vijana.

Kesho mtanisikiliza pamoja, naye akikucheka kunizidi, mwache acheke. Usiku umpikie vizuri. Jumatano asubuhi umpigie pasi kile kitenge wewe mwenyewe, na akidai chai, hata kwa ukali, umnyime: mzee na kijana, wote tumbo tupu.