Konsilta Haendi Konje

Jumamosi. Mvua tangu alfajiri, ziwa halionekani.

Ninawatangazia wananchi wote, wake kwa waume, pamoja na mbuzi wa jirani anayenisikiliza dirishani, kwamba leo asubuhi kifungo cha pili cha koti langu la abakosi kimekatika na kuangukia matopeni. Taifa limepata pigo. Chanzo cha ajali ni kazi: mimi ndiye karani wa kuita majina hapa shantie, tunapotengeneza meli za kampuni, na jina la mtu haliitwi kwa pumzi ndogo.

Nimecheka peke yangu, halafu nikaacha. Wiki hii kuita majina si jambo la kuchekea.

Mambo ya shantie ni hivi. Mlinzi anagonga kipande cha reli, watu wanapanga mstari, mimi ninaita, mtu anajibu "Niko!" Asiyejibu hana siku, halipwi. Ila mtu wa kazi ya kudumu akienda konje, likizo ya kulipwa, jina lake ninaliruka tu, na mshahara unamfuata mpaka kwao Kongolo, pamoja na tiketi za treni za mke na watoto. Anakula samaki wa mto, ananenepa, kampuni inalipa. Akirudi hata shati halimtoshi.

Konsilta hana hiyo.

Papa Mulongo alikuwa mtu wa kudumu tangu wakati wa Wabeleji. Alipoingia pensheni, kampuni ikamrudisha kwenye moteri zilezile za meli, kwa mkataba mpya, yaani kontra, na cheo: konsilta. Alifurahi sana, akatununulia bia. Kontra ilisema analipwa siku anayoitika. Akikosa kuitika mara tatu, kontra imekufa. Neno konje halikuandikwa humo, hata kwa ubaya.

Jumatatu nikapata habari kwamba Papa Mulongo ni mgonjwa sana, amelala nyumbani kwake Katanika, hawezi kusimama. Nilijua hatakuja. Nikamwita hata hivyo, maana ndiyo kazi.

"Niko!"

Sauti yake. Ile yenye kikohozi kidogo mbele, kama moteri inayokataa kuwaka. Ilitoka nyuma ya banda. Nikaandika: yupo. Nikadhani amepona, nikaenda kumpa mkono. Nyuma ya banda palikuwa na pipa tupu na jongoo.

Jumanne, vilevile. Nikajiambia, hawa watu wananifanya mjinga. Kabwe, mchomeleaji wetu, anaweza kumwiga direkta, na mke wa direkta, na direkta akigombana na mkewe. Kwa hiyo Jumatano niliwapanga wote mbele yangu, nikawatazama midomo kama daktari wa meno. Nikaita Mulongo.

Midomo yote ilikuwa imefungwa.

"Niko!"

Hakuna aliyecheka. Kabwe alivua kofia. "Karani," akasema polepole, "andika tu. Usigeuke."

Sikugeuka. Mimi niliyejisomesha kwa magazeti ya kufungia chumvi, nisiyeamini uchawi wala hotuba za redio, niliandika "yupo" na shingo yangu ikabaki ngumu kama nguzo.

Alhamisi sauti ilijibu karibu zaidi. Jana, Ijumaa, nilisikia pumzi yake mgongoni.

Baada ya kazi nikashika njia ya Katanika.

Papa Mulongo alikuwa mkekani, amebaki mifupa na masharubu. Mke wake, Mama Kayumba, alinipa kiti. Nikauliza kwa adabu kama Papa alifika shantie wiki hii.

"Afike na miguu ya nani?" Mama Kayumba akasema. "Tangu Siku ya Mungu hajatoka hapa. Lakini kila asubui anashituka, anakaa, anasema 'Niko!', halafu anaanguka tena kama gunia. Namuuliza, nani anakuita? Kile chuma chenu hakisikiki huku."

Papa Mulongo alifungua jicho moja.

"Njo huyu," akasema. "Njo yeye ananiita. Weye, karani, uko na sauti mubaya sana, ndugu yangu. Inaingia mpaka ndani ya mifupa, inanivuta kwa shati. Acha kuniita, nipumuzike."

"Papa, nisipokuita, siku yako imekufa. Weye ni konsilta."

"Muntu wa kudumu akienda konje, unamuita?"

"Hapana. Ninamuruka."

"Basi uniruke na miye."

"Asikuruke!" Mama Kayumba alisimama. "Karani, umuite! Kwa nguvu! Dawa nitanunua na nini? Feza yake ikikatika, tutakula masharubu?"

"Unaona," Papa Mulongo akaniambia, macho ameyafumba. "Hata huku kuko direkta."

Nilirudi kwa miguu gizani nikiwaza jambo moja tu. Nikimwita, anachoka kidogo zaidi. Nisipomwita, hana dawa. Na siku atakapokufa, nikasahau, nikaita, ni nani atakayeitika?

Usingizi haukuja. Nilikuwa na miaka mingi ya kazi hii, na sikuwahi kujiuliza majina yanakwenda wapi yakishatoka kinywani.

Leo mvua ilipiga mabati mpaka mlinzi akagonga reli mara mbili ndipo tukasikia. Niliita kwa nguvu, ndipo kifungo kikaenda. Nilipofika kwenye jina la Mulongo nikafunga mdomo. Nikachukua kalamu, nikaandika "yupo", nikaita jina lililofuata.

Mstari mzima ulikuwa unatazama banda.

Mvua tu.

Kwa hiyo leo mimi, bila muhuri na bila direkta, nimempa konsilta konje ya kulipwa. Wakinigundua nitafukuzwa, na mimi ni wa kudumu, nina tiketi zangu za treni ambazo sijazitumia. Ninaogopa. Lakini mchana Mama Kayumba alifika getini na khanga imelowa, akanong'ona kwamba mzee hakushituka asubuhi. Alilala moja kwa moja mpaka saa nne, akaamka akaomba ugali wa bukari na samaki wa ndakala.

"Umemuita?" akaniuliza.

"Nimemuandika."

Akaondoka bila kuaga. Nafikiri ile ilikuwa asante.

Halafu nikapata moyo wa kwenda nyuma ya banda. Pale chini ya ukingo wa bati, ambapo mvua haifiki, udongo ulikuwa na alama za nyayo mbili zilizosimama muda mrefu, zikitazama upande wangu. Hapakuwa na za kuja. Hapakuwa na za kuondoka.

Nimeamua: mwezi mzima, kama wa kudumu. Nitamruka mwezi mzima.

Saa tisa direkta alitoka biro, ofisi yake, akasimama barazani, akatuambia kwamba leo ni siku ya mshahara na feza haikufika, si ya wa kudumu wala ya konsilta.