Mafuta ya Chupa ya Mama

4 Februari

Kaka,

Shikamoo. Huku nipo salama, kikohozi kimeniacha. Sijui nyie na mama. Chupa zako sita zimefika maabara bila hata moja kuvuja. Nimeanza leo: panya ishirini wanakula chakula kilichochanganywa na mafuta yako ya mbegu, ishirini wengine mafuta ya alizeti ya kawaida. Siku tisini, kisha tunaangalia damu na maini. Wakitoka wazima, mkuu wangu atatia saini cheti chako cha usalama wa mafuta.

Neno moja tu. Haya uliyotuma ni meupe kama maji. Yale niliyoonja jikoni kwa mama mwezi uliopita yalikuwa ya kijani na yaliniwasha koo. Ni yale yale kweli?

Mdogo wako

16 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, ila mama analalamika tumbo, umri huo. Mafuta ni yale yale. Chupa yake inakaa karibu na jiko, moshi umeyabadilisha rangi. Mbona unanihoji kama umenikuta dirishani mwa mtu? Au wale washindani wangu wa kiwanda kikubwa wamepita hapo na maneno yao? Wewe pima ulichotumiwa.

Kaka yako

11 Mei

Kaka,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila mara nakwama palepale: "pima ulichotumiwa."

Panya wametoka wazima, maini safi. Cheti kiko mezani, bado saini. Lakini mwezi Machi nilimwomba mama chupa yake ya jikoni, akampa yule jirani yetu muuguzi aniletee. Sikukuambia. Nikalisha panya kumi. Wiki ya tatu wakaanza kuacha chakula. Nilipowapasua, maini yamevimba, yana madoa ya njano. Moshi wa jiko haufanyi hivyo.

Ulinitumia nini, na watu unawauzia nini? Barua hii ameibeba muuguzi mwenyewe. Nimemwambia amwage mafuta yoyote aliyobaki nayo mama kabla hajakaa.

Mdogo wako

14 Mei

Mdogo wangu,

Salamu leo sina. Mbegu za mafuta niliyokutumia tulizimenya kwa mkono, mimi na wifi yako, siku nne nzima. Za kuuza nakamua na maganda yake, maana mashine haimenyi na wateja walikuwa wananisubiri. Nilidhani ganda linaleta uchungu tu. Nikahofia ukiuonja utaninyima cheti.

Tangu juzi napita nyumba kwa nyumba kukusanya chupa. Kinyozi alinirudishia yake bila kunitazama. Zimebaki nyumba tisa. Hicho cheti kichane.

Asubuhi nimempeleka mama hospitali. Daktari aliuliza amekuwa akila nini, nikajibu mimi, mama akisikia. Amelazwa, wanasema ini linaweza kupona. Nilipomuuliza kwa nini hakusema kwamba mafuta ni machungu, aligeukia ukutani.

"Kila nilipoyamimina ulikuwa unaniangalia kwa matumaini," akasema.

Njoo ukipata ruhusa, hata kama mimi hutaki kuniona.

Kaka yako