Shubiri Nne na Vidole Vitatu

Changamwe, Mombasa
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba uiitikie hiyo marahaba kwa sauti hata kama umekaa peke yako barazani, maana ni siku nyingi sijaisikia. Goti lako la kushoto linasemaje na baridi ya huko Myamba? Mama kikohozi kimemwachia? Na tangawizi, mmeshachimba au mnasubiri bei ipande kama mwaka jana, mpaka ikaanza kuota?

Mimi mwili ni mzima. Cherehani nayo ni nzima, ila kazi ndiyo inayokohoa. Mitumba imejaa hadi mlangoni kwetu, watu hawashoni tena nguo mpya. Siku hizi kazi yangu kubwa ni kupunguza suruali za Wazungu wanene ziwaenee vijana wembamba wa bandarini. Jana nimekata suruali moja kiasi kwamba kitambaa kilichobaki kimetosha sketi ya mtoto. Nacheka nikiandika, lakini mwezi uliopita sikucheka.

Sasa Baba, hapa nilipofika nakuomba usome mwenyewe kwanza kabla hujampa mdogo wangu Nakundwa aisome mbele ya watu. Na kama wale wanunuzi wa vyuma chakavu wameshapanda huko kuja kumchukua Keya, lori lako, waambie wasubiri uani mpaka umalize ukurasa wa mwisho. Wape hata makande wale, lakini gari wasiliguse.

Barua yako fupi niliipata. Uliandika: "Namsifu mwanangu, pole kwa usumbufu. Ile ekseli ni fupi. Kosa ni langu, naona niliandika tatu nikidhani nimeandika nne. Kichwa hakinitii tena. Gari nitaliuza kama chuma." Mistari minne tu, wewe ambaye ukiandika habari ya mbuzi mmoja aliyezaa unajaza karatasi mbili. Nikaikunja nikaiweka chini ya mto, na hapo ndipo nilipofanya vibaya. Nimekaa nayo miezi miwili bila kukujibu.

Baba, hukuandika tatu. Uliandika nne. Barua yako ya kwanza ninayo, na nimeirudisha ndani ya bahasha hii uione kwa macho yako. Iko na lile duara la grisi ulilogandamiza kwa ncha ya ekseli ili nihesabu meno. Juu ya duara umeandika kwa mwandiko wako wa jeshi la Keya, ulionyooka kama askari waliopanga mstari: "Urefu, shubiri nne na vidole vitatu." Kichwa chako hakina ubovu wowote. Aliyekosea ni mimi.

Nikueleze ilivyokuwa. Nilipoipata ile barua ya kwanza, kwamba ekseli ya Keya imevunjika, nilizunguka kwa wauza vyuma mji mzima. Kila nilipotaja lori la jeshi la enzi za Mwingereza walinicheka. Mmoja aliniuliza kama nataka kwenda kupigana na Wajapani huko Bama. Nikamwambia baba yangu ameshakwenda huko kwa niaba yetu sote, na lori la namna hiyohiyo ndilo aliloendesha. Akaacha kucheka, lakini ekseli hakuwa nayo. Mwishowe wakanielekeza kwa mjane mmoja anaitwa Mama Zuhura, aliyerithi uwanja wa vyuma vya marehemu mumewe. Mama huyo ana umri kama wa Mama, na kila chuma anakijua kilikotoka, kama wewe unavyowajua ng'ombe wako.

Akaangalia duara lako la grisi, akahesabu meno kwa ncha ya ukucha, akasema, "Zipo. Hizi zatoka kambi ya zamani. Wataka fupi au ndefu?"

Hapo ndipo pa kusimama na kufikiri. Sikufikiri. Nilikuwa na furaha tele. Nikasema, "Ngoja nipime," nikainama nikatandaza kiganja changu juu ya chuma. Moja, mbili, tatu, nne. Vidole vitatu. Ile fupi ikalingana sawasawa, na mimi nikajiona fundi kuliko mafundi. Mimi, Baba, ambaye futi naivaa shingoni kutwa nzima mpaka mpangaji mwenzangu ananiuliza kama nalala nayo! Siku ile nilikuwa nayo shingoni. Lakini barua ilisema shubiri, nikatumia shubiri, na haikunijia hata kidogo kwamba shubiri ile ilikuwa yako.

Mama Zuhura alinitazama. Akasema, "Mwanangu, hayo ni maneno ya nani, yako au ya babako?" Nikadhani ananiuliza barua ni ya nani. Nikamjibu ya baba. Akanifungia chuma.

Mengine yote unayajua kuliko mimi. Eliamini, mtoto wa shangazi, alikuwa amemaliza kuuza tangawizi yake huku, nikampa aipeleke. Niliifunga kwa kanga kuukuu mbili na kamba za magunia. Aliponiandikia alisema pale mpakani afisa alimuuliza, "Hii maiti ya nani?" naye akajibu, "Mguu wa gari la mjomba, mheshimiwa." Yule afisa akafungua kanga, akatazama, akamwuliza ni gari gani. Alipoambiwa, akasema babu yake naye alikuwa Keya, akamsaidia kufunga tena. Eliamini anasema alifunga vibaya, lakini alimshukuru.

Nakundwa ndiye aliyenieleza yaliyobaki. Kwamba mvua ilikuwa imekata barabara, lori likaishia bondeni, ukapigisha baragumu la msaragambo, la kuita kijiji kwenye kazi ya pamoja, na watu wakashuka hadi chini kuibeba. Kwamba waliifunga kwenye mti, wawili mbele na wawili nyuma, wakipokezana mlima mzima, na wanawake nyuma wanaimba nyimbo za kwaya kana kwamba wanampeleka bibi harusi. Kwamba ulivaa ile kofia yako ya jeshi. Mama alikuwa ameshachinja jogoo na chungu kiko motoni. Ukaisukuma ndani ya difu, katikati ya magurudumu ya nyuma, mbele ya watu wote, ikaingia, ikaingia, ikazama yote, na bado haikugusa meno. Nakundwa anasema hakuna aliyecheka. Angalau wangecheka. Walikuambia pole mmoja mmoja, wakaondoka kabla jogoo hajaiva, na wewe ukafuta kila spana kwa kitambaa, ukafunga sanduku, ukampa Mama ufunguo.

Nilipolisoma hilo la ufunguo nililia, Baba. Nililia kwa sababu nakumbuka sanduku lile halikufungwa hata miaka ile ya shida, wakati sabuni tulikuwa tunakata kwa uzi tugawane na majirani, na vipuri vya gari vilikuwa habari za kusikia tu. Ulitengeneza gasketi kwa boksi la chaki la shule. Ulipokosa mpira wa bomba la rejeta ulikata buti yako ya jeshi, ukavaa kandambili kanisani, na Keya akashuka Same wiki ileile. Akamshusha Mama usiku ule wa uchungu, na Nakundwa akazaliwa hospitali badala ya kuzaliwa njiani. Leo maduka yamejaa kila kitu, kila kitu ni ruksa, halafu Keya anauzwa kwa sababu binti wa fundi ameshindwa kupima!

Utaniuliza kwa nini sikukwambia mapema. Nilijua kosa siku ileile barua yako ilipofika. Nilitandaza kiganja changu juu ya meza ya kukatia, nikakipima kwa futi: inchi saba na nusu. Nikajaribu kukumbuka chako. Nikaona aibu. Wewe ulikuwa umeshachukua kosa begani, na mimi nikaliacha hapo, kwa kuwa huku mbali hakuna anayeniona. Nilijiambia nitatafuta ekseli nyingine niitume kimyakimya, halafu mambo yatajisahihisha. Lakini Nakundwa ameniandikia tena. Anasema sasa hata shambani unamwuliza mara mbili kama umeshafunga maji ya mfereji. Anasema juzi ulikataa kusoma somo kanisani, ukasema macho, na macho hayakuwa na shida. Baba, nimekunyima kitu ambacho si ekseli. Nisamehe. Nakuomba unisamehe kabla hata ya kuamua lolote kuhusu gari.

Jumatano nilirudi kwa Mama Zuhura. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, hata kukaa niliona haya. Akasema, "Nilijua. Mkono wako ni wa kushona, mkono wa babako ni wa kuzungusha sterlingi. Lakini ulikuwa na haraka, na mwenye haraka hasikizi." Nikamwuliza ile ndefu kama bado ipo.

"Ndefu ninazo mbili," akasema, "na hazilingani. Meno mamoja, lakini moja yashinda nyenziwe kwa inchi mbili hivi. Sasa ni wewe."

Nilikimbia nyumbani nikatoa makaratasi yangu ya kukatia nguo. Unakumbuka lile shati nililokushonea wakati wa ubatizo wa mtoto wa Nakundwa? Vipimo vyake ninavyo vyote. Najua mabega yako, najua shingo yako, najua kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mkono. Nilipofika kwenye kifundo nikakwama. Kiganja sikukipima, shati haliendi huko. Nilikaa juu ya kitanda nikijaribu kukiona. Nakikumbuka kikinishika kisogoni tukivuka mto, nakumbuka gumba lililopinda tangu jeki ilipokuponyoka huko Bama, nakumbuka harufu ya petroli. Upana wake siukumbuki. Miaka yote nimekishika na sijui ukubwa wake.

Basi safari hii hakuna kubahatisha. Ndani ya bahasha nimekuwekea futi yangu, ile ya kitambaa cha manjano. Usijali, ninayo nyingine. Viweke vile vipande viwili vya ekseli chini, viunganishe palipovunjika, upime kutoka mwisho hadi mwisho, halafu umwite Nakundwa apime tena, si kwa sababu sikuamini bali kwa sababu mimi mwenyewe sijiamini. Uniandikie inchi. Mama Zuhura ameniahidi kuzishikilia zote mbili mpaka mwisho wa mwezi, siku lori linapokuja kuzoa vyuma vya kuyeyusha. Ile fupi amesema niirudishe wakati wowote, ataipokea, maana hapendi ndugu kutenganishwa. Safari hii sitampa mtu. Nitaileta ndefu mimi mwenyewe, na nikifika bondeni nitashika mti wa mbele.

Mwambie Mama nampa shikamoo nyingi, na akurudishie ufunguo leo hii bila kuuliza swali. Nakundwa mdogo wangu nampa pole na asante, pole ya kuwa katikati na asante ya kunieleza yote. Mwanawe nambusu. Shangazi Niwaeli mpe salamu zangu, umwambie mwanawe Eliamini hana lawama, alibeba alichopewa. Mchungaji mwombe kwa niaba yangu akupangie somo Jumapili ijayo. Na wale wote waliobeba chuma mlimani, simama mbele yao siku ya mkutano wa kijiji uwaambie ukweli: aliyewachosha bure ni Namsifu. Nataka nao wanione nikifika.

Kitu cha mwisho, Baba. Katika bahasha utakuta karatasi moja tupu. Si kwamba nimesahau kuandika. Uilaze mezani, uweke kiganja chako cha kulia juu yake, utandaze vidole kama unavyotandaza ukipima, na Nakundwa akizungushie penseli polepole, gumba lile lililopinda asilinyooshe. Mniletee pamoja na inchi.

Urefu wa ekseli nitaupata kwa futi. Karatasi hiyo naitaka mwenyewe.

Ni mimi binti yako anayekuheshimu,
Namsifu