Dira Ndani ya Kioo

Jumanne, 12 Agosti. Gitega

Siku ya themanini na nne ya eda. Chai bila sukari, sukari haipatikani. Mama mkwe ameshaketi mlangoni na tasbihi yake. Hakuna askari anayeshika zamu namna hii.

Mabasi matatu leo. Hiasi mbili, kosta moja. Yako kwenye foleni ya esansi, yaani petroli, tangu jana, mbele ya nyumba yetu kabisa. Nimeyapiga picha yote.

Nimeambiwa mjane hajitazami kwenye kioo. Sawa. Kioo cha kabati nimekigeuza kitazame mlango. Nakaa pembeni, nyuma ya pazia, barabara nzima inaingia kiooni, nami napiga picha ya kioo. Hakuna mwanamume anayeniona. Mama mkwe amekagua mpango wangu, hakupata kosa. Alitafuta sana.

Picha ndiyo kazi yangu inayojulikana. Miaka kumi na mmoja marehemu mume wangu Saidi alipaka mabasi rangi, mimi nikayapiga picha kabla hayajatoka atelie, karakana yake. Alinifundisha kusimama upande nisitokee kwenye vioo vya gari. "Foto ni ya bisi," alikuwa akisema, "haiko ya weye."

Alhamisi, 14 Agosti

Mawili tu. Moja lina dira mlango wa nyuma. Nyekundu na nyeusi, pembe nane. N juu, S chini, E ya mashariki kulia, O ya magharibi kushoto. Kiooni E iko kushoto, bila shaka. Nimezoea.

Hapa wanaiita busole. Kila shoferi kutoka hapa hadi Muyinga anataka busole ya Saidi. Si ya kutafutia njia, njia ni moja na wanaijua. Ni pambo. Wanasema Saidi aliichora baada ya swala ya Ijumaa, ndiyo maana ina baraka.

Niandike hapa, maana pengine sina pa kusema. Dira nilichora mimi. Zote. Mkono wa Saidi ulitetemeka. Kupulizia rangi ubavu mzima aliweza, mstari mwembamba hakuweza. Kila Ijumaa wanaume wakiwa msikitini alinifungia atelie kwa nje, nikachora. Akirudi ananifungulia, natoka nimejitanda kama mgeni aliyeleta chakula. Yeye safu ya mbele msikitini, dira inachorwa, na hakuna aliyejiuliza.

Jumapili, 17 Agosti

Shemeji Haruna amepiga simu kutoka Muyinga. Mdogo wake Saidi, naye hupaka rangi, milango ya maduka hasa. Sauti ya upole. "Dada, nitumie foto ya busole, za karibu karibu. Tumukumbuke yaya." Yaya, ndivyo alivyomwita kaka yake.

Nimelia. Kumbe kuna mwingine anayemkumbuka. Nimemtumia kumi na mbili za kiooni, zile zilizo safi zaidi.

Jumatano, 27 Agosti

Hakuna basi. Hakuna esansi. Watu wa Bugendana wanapita kwa miguu na ndizi kichwani.

Mama mkwe ametoa habari wakati wa kuchambua maharage, bila kuinua macho. Nikitoka eda familia itakutana Muyinga, kwa baba mkwe. Jambo ni moja, atelie. Haruna amesema inataka mtu anayejua kuchora. Mimi nitapewa chumba uani kwake, nimsaidie mkewe, na shamba la Gasorwe lipo.

Sina mtoto. Wazazi wangu wamezikwa Kigoma nilikolelewa, na kule sina nyumba ya kubisha hodi. Haruna anapanda basi anapotaka, anaongea na anayetaka. Mimi bado siku ishirini na tisa. Nimekuwa mzigo unaotafutiwa pa kuwekwa.

Ijumaa, 5 Septemba

Kosta mpya kwenye foleni. Dira mlango wa nyuma, rangi bado inang'aa. Nikapiga picha haraka.

Kuna kitu hakikukaa sawa. Nikaitazama mpaka chai ikapoa. Kiooni dira zangu zote zina E kushoto. Hii ina E kulia. Ndani ya kioo ndiyo inaonekana sahihi, kwa hiyo kule barabarani imegeuka.

Saidi amelala kaburini tangu Mei. Mimi sijavuka kizingiti. Nani anachora?

Jumatatu, 8 Septemba

Nimejua. Nimeikuza picha, nikailinganisha na zile kumi na mbili. Ni ileile, hata ule mwale mmoja nilioukosea ukawa mfupi. Haruna amekata patroni, karatasi ya kufuatishia mchoro, juu ya picha yangu, akapaka. Herufi zilikuwa zimegeuka kwa sababu ya kioo, akazinyoosha moja moja, akaziacha palepale zilipo. Kwa Haruna jua linachomoza magharibi.

Nimecheka peke yangu. Halafu nikashikwa na hasira mpaka meno yakauma. Machozi yangu yote yale ya Jumapili! Alikuwa anatafuta patroni.

Na Saidi pia nina hasira naye. Basi, nimeandika. Ungesema tu. Hata kwa mtu mmoja. Sasa nikitaka atelie lazima nisimame mbele ya baba yako niseme mwanawe alidanganya watu miaka kumi na mmoja. Nikinyamaza, naenda kulima Gasorwe.

Jumamosi, 13 Septemba

Dira tatu za Haruna sasa. Zote E upande usio wake. Madereva wanafurahi, hawajaona kitu.

Leo nilisahau. Kosta iliwashwa injini, nikaikimbilia na simu mkononi, nikajikuta mguu mmoja nje ya mlango. Jua usoni. Mama mkwe akanidaka kanga.

"Rudia ndani. Bado siku kumi na mbili."

Nikamwambia mwanao wa Muyinga anaiba. Akauliza anaiba nini. Ningejibu dira, ningemtoboa Saidi. Akanitazama, akarudi kwenye tasbihi. Namchukia. Kesho nitaomba msamaha, leo namchukia.

Jumamosi, 20 Septemba

Haruna amekuja jana, hakuingia, eda imemzuia. Ameongea na mama yake nje ya dirisha. Ameondoka na ufunguo wa atelie. Nilisikia unagongana na sarafu zake akivuka barabara.

Sikupiga picha leo. Kioo nimekigeuzia ukuta.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimetoka eda. Mama mkwe amenimwagia maji mwenyewe, akanipa kitenge cha kijani. Akanifukiza ubani. Nimetembea hadi kituo cha esansi na kurudi. Miguu inauma, njia fupi kama nini. Nimegusa dira ya hiasi moja, yangu. Rangi imepauka lakini haijabanduka.

Jumapili, 28 Septemba. Muyinga

Kikao kimeisha. Niandike kabla sijachanganya mambo.

Uani kwa baba mkwe. Haruna amekuja na kosta ya rafiki yake, dira mbichi mlangoni, ili wazee waone mkono wa Saidi haujafa. Ameongea vizuri. Mkewe amenikaribisha chumba changu, amekwisha kukifagia.

Baba mkwe ana dira yake ndogo ya shaba, ya kutafutia kibla, haitoki mfukoni. Akaitoa. Akatazama kosta, akatazama mkono wake, akatazama kosta.

"Haruna. Kwako jua iko natokea wapi?"

Haruna akageuka, akaona. Nilimwona akiona. Akanyoosha kidole kwangu. "Mi nilifuata foto ya dada! Yeye ndiye alikosea!"

Wote wananitazama. Ningeweza kueleza habari ya kioo. Ningeweza kusema yote. Nikamwona Saidi akilini, safu ya mbele msikitini, kanzu yake imenyooshwa, nikashindwa. Nikaomba brashi tu.

Nikachora mlango wa pili wa kosta ileile. Bila patroni, bila rula, kamba na msumari kwa duara, basi. Mwanzoni mkono ulikuwa mzito, miezi minne haujashika brashi. Pembe ya tatu ukakumbuka. Nilipofika E nikaiweka kulia.

Baba mkwe akasogea karibu. "Nani alikufunza?"

Nilikuwa nalia, na rangi kwenye kitenge cha watu.

Mama mkwe ndiye aliyejibu, kutoka mkekani, hata hakusimama. "Mukono ya Saidi ilikuwa natetemeka tangu mutoto. Chai yake mi ndiye nilimushikia. Munazani nilikuwa sijue nani anachora?"

Miaka kumi na mmoja. Alijua. Siku mia moja na ishirini na nane amekaa mlangoni kwangu akijua. Sijui nimshukuru au nimkasirikie.

Baba mkwe ameamua nibaki na atelie mwaka mmoja, kisha watakaa tena. Haruna atachukua mashine ya kupulizia rangi, maana ni ya mwanamume. Nimekubali. Mwaka si maisha, lakini ufunguo uko mfukoni mwangu.

Ijumaa, 3 Oktoba. Gitega

Mvua kidogo asubuhi. Esansi imefika, mabasi yanapita.

Yule shoferi wa kosta ya kwanza amekuja, nilimwita nimgeuzie dira yake. Nikamwonyesha kosa. Akainamisha kichwa huku na huku, akasema hata hivi gari imefika Muyinga kila mara. Tukacheka. Nimeipaka upya.

Nilianza adhana ikilia, kwa mazoea. Mlango niliuacha wazi. Wanaume waliporudi kutoka msikitini walipunguza mwendo, wakatazama, mmoja akasalimia, wakaendelea na safari zao. Mama mkwe alileta wali, akakaa kizingitini na tasbihi yake akitazama barabara.

Kazi ilipokwisha nikapiga picha. Nikasimama katikati, nyuma ya gari kabisa. Juu ya dira, kwenye kioo cha nyuma, nimetokea, simu mkononi, nimekonda, rangi nyekundu shavuni.

Sikuifuta.